Phalke: sinema ya mtu mmoja au ya nyumba nzima?

Tangu 1969 serikali ya India hutoa tuzo yake kuu ya sinema kwa jina la Dadasaheb Phalke, na kila inapotolewa husikii ila kwamba yeye ndiye baba wa sinema ya nchi hiyo. Mama hatajwi.

Wanaoridhika na hali hiyo wana hoja. Wazo lilikuwa lake. Ndiye aliyetazama filamu ya maisha ya Yesu mjini Bombay akaanza kuwaza miungu ya Kihindu kwenye pazia. Ndiye aliyekwenda London 1912 kujifunza kazi na kununua kamera, akaongoza Raja Harishchandra, inayohesabiwa filamu ndefu ya kwanza ya India, iliyofunguliwa Mei 1913. Isitoshe, wapo wanaosema Torne, mtengenezaji filamu mwingine wa India, alimtangulia kwa Shree Pundalik ya 1912, ingawa ile ilikuwa mchezo wa jukwaani uliopigwa picha tu. Jina ambalo tayari linagombaniwa, wanauliza, tuligawe tena?

Ila mtu akiangalia filamu ile ilivyotengenezwa, swali linageuka. Utepe wa filamu ulifika bila matundu ya pembeni. Mkewe, Saraswatibai, ndiye aliyekuwa akiutoboa usiku, gizani, kwa kupapasa, maana mwanga ukipenya utepe umeharibika, na matundu yakienda upogo picha inarukaruka. Alichanganya dawa za kusafishia picha. Mchana alishika shuka jeupe kuwarudishia waigizaji mwanga wa jua, kisha akapikia kundi zima. Hata mtaji ulipita mikononi mwake: bima ya mumewe iliwekwa rehani, na vito vyake navyo vikaenda. Kazi hizo leo zingegawiwa watu watano, kila mmoja na jina lake mwishoni mwa filamu.

Mtu anaweza kusema haya mengi ni masimulizi ya nyumbani, na masimulizi ya nyumbani hutiwa chumvi. Sawa. Lakini watoto tunawaona kwa macho. Bhalchandra, mwanawe, aliigiza mtoto wa mfalme katika filamu ile ya kwanza. Binti yake Mandakini, bado mdogo kabisa, aliigiza mungu Krishna katika Kaliya Mardan ya 1919. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ipo, na mwanzoni kabisa yupo yeye peke yake mbele ya kamera, akibadilisha uso kutoka hisia moja hadi nyingine. Hayo si masimulizi.

Na nyumba hiyo ilipata nini? Phalke aligombana na washirika wake wa kampuni ya filamu ya Hindustan, akaenda Benares, akarudi. Sauti ikaingia ikamwacha nyuma. Gangavataran ya 1937 ndiyo filamu yake pekee iliyotengenezwa ikiwa na sauti, na haikumwokoa. Alifariki Nashik 1944 bila mali. Haukuzuka ukoo wa filamu kama ule wa akina Kapoor. Ajabu ni kwamba walioanzisha ukoo wa namna hiyo ni wengine aliowafungulia mlango: Durgabai Kamat na bintiye Kamlabai Gokhale, wanawake aliowaigizisha katika Mohini Bhasmasur wakati wanawake wengine walikataa kabisa kusimama mbele ya kamera. Damu yao iliendelea kwenye pazia hadi kwa mjukuu wa Kamlabai, mwigizaji Vikram Gokhale.

Kwangu mimi, jina la Saraswatibai likiandikwa kwenye nishani ile, Phalke hapungukiwi na filamu hata moja.