Jiko la spiriti: usiongeze mafuta kabla hujahakikisha limezima kweli

Jamani wapenzi wa kulala porini, naona kila mtu anasifia jiko la spiriti, jepesi, halina pampu, halina kelele, na ni kweli kabisa hata mimi nalipenda, ila kuna kitu kinaniumiza roho kila nikikiona, mtu kuongeza spiriti kwenye jiko ambalo bado lina moto.

Shida moto wenyewe mchana huuoni. Hauna moshi wala ule wekundu wa kuni, juani ni kama hakuna kitu, sasa mtu anaona maji yamegoma kuchemka anadhani limezima, anachukua chupa anamimina, moto unapanda na ule mchirizi mpaka kwenye chupa, mvuke wa ndani unashika na spiriti inarushwa ikiwaka mpaka kwa mwenzake aliyekaa pale mbele. Hapo anaungua mtu ambaye hata chupa hakuishika!

Mimi hata nikiamini limezima nalifunika kwanza, halafu nasubiri mpaka chuma kiwe cha kushikika, kwa sababu chuma cha moto kinageuza spiriti kuwa mvuke haraka sana. Na simimini kutoka chupa kubwa hata siku moja, napima kwenye kichupa kidogo kabla sijawasha, kuchemsha nusu lita ya maji, mililita 30 hivi za spiriti zinatosha kama upepo umeuzuia vizuri. Likizima kabla chakula hakijaiva basi tutachelewa kula, sawa tu.

Ndani ya hema usipikie, hata mvua inyeshe vipi. Likipinduka spiriti inatiririka huku inawaka, na bado kuna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Nje nako weka jiko kwenye jiwe au udongo mtupu, maji yawe karibu, mengi, maana spiriti inachanganyika na maji kwa hiyo tofauti na petroli unaweza kuizima nayo.

Halafu hii ya kubebea spiriti kwenye chupa ya maji ya kunywa naomba tuiache kabisa, usiku mtu ana kiu anapapasa gizani, na kama ni methanoli, aina ya spiriti yenye sumu kali, kidogo tu inaweza kumpofusha au kumuua.