Kilimo rejeshi: ushahidi uko imara wapi na wapi tunaongezewa chumvi

Kuna watu wanakiongelea kilimo rejeshi, yaani kulima kwa njia zinazourudishia udongo afya kama kutokatua, kufunika udongo na kubadilisha mazao, kana kwamba kinatibu kila kitu, udongo, njaa, mabadiliko ya tabianchi, alafu kuna wanaokikataa chote wakisema ni fasheni ya watu wasioshika jembe. Mi naona wote wanakosea palepale, wanakichukulia kama kitu kimoja. Mwaka 2020 watafiti walipitia makala za kisayansi 229 wakakuta kila mwandishi anakielezea kivyake, wengine hata hawasemi wanamaanisha nini, sasa hapo utakipima vipi kwa ujumla?

Kwenye mmomonyoko ushahidi umesimama kweli. Mwanajiolojia David Montgomery alikusanya vipimo vya sehemu nyingi duniani akavitoa 2007, na vinaonyesha mashamba yanayolimwa kwa plau yanapoteza udongo mara 10 hadi 100 kuliko kasi ya udongo mpya kujitengeneza, ila shamba lisilokatuliwa, yaani udongo haugeuzwi kwa plau wala jembe kabla ya kupanda, upotevu unashuka hadi kukaribia kasi hiyo. Na sababu yake inaeleweka, tone la mvua likipiga udongo mtupu linavunja mabonge, chembe laini zinaziba vitundu, maji yanakosa pa kuingia yanaanza kutiririka na udongo wako. Ukiweka matandazo yanapokea yale matone kwanza. Marekani walijifunza kwa maumivu miaka ya 1930, upepo ulibeba udongo wa nyanda zao hadi serikali ikaunda idara ya kuhifadhi udongo 1935.

Mavuno sasa, hapa ndo wahamasishaji wanaruka mambo. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la Nature 2015 ulijumlisha tafiti 610, na kutokatua kulipunguza mavuno kwa wastani wa asilimia 5.7. Ukiacha tu kukatua bila kubakiza mabaki ya mazao shambani wala kubadilisha mazao, yanashuka asilimia 9.9, ukifanya vyote vitatu yanashuka 2.5 tu, na kwenye maeneo makavu yanayotegemea mvua vyote vitatu pamoja vilipandisha mavuno asilimia 7.3. Kwahiyo anayemwambia mkulima "acha kukatua tu" anampeleka kwenye hasara, tena mkulima mdogo ambaye mabaki yote yanaliwa na mifugo anaambiwa atandaze nini? Na magugu yanaongezeka, either anunue dawa au palizi iongezeke, na palizi sehemu nyingi inawaangukia wanawake. Hili linanikera sana manake kwenye semina halitajwi.

Hoja ya kaboni, kwamba kilimo hiki kinaifungia kwenye udongo isiende hewani kuongeza joto la dunia, ndo dhaifu zaidi. Sampuli nyingi zilizosifia kutokatua zilichimbwa sentimita 30 au pungufu, na waliochimba chini zaidi mara nyingi waliona faida inapungua au inapotea, kaboni ilikuwa imekaa juu tu badala ya kusambaa. Pia udongo una kikomo, unaongeza kwa miaka kadhaa alafu unatulia, na plau ikirudi sehemu kubwa inapotea. Mi ningeacha kabisa kukiuza kilimo hiki kwa hoja ya tabianchi. Anayetaka kumlipa mkulima kwa kaboni achimbe hadi mita 1, apime kabla na baada, na mkataba useme wazi nani anabeba hasara kaboni ikipotea. Anayetaka udongo wake ubaki shambani mvua kubwa ikinyesha hahitaji kusubiri vipimo hivyo, aanze na kufunika udongo.