Adrenomedulini: breki ya figo kweli, au tunaipa sifa za bure?

Watu wakisikia presha inaua figo wanawaza mshipa kupasuka, kumbe shughuli iko kwenye vichujio vidogo ambavyo kila figo inavyo kama milioni 1. Ndani ya kila kimoja kuna mishipa myembamba imejikunja kama uzi uliovurugika, na katikati kuna seli za mesanjia zinazoishikilia isitawanyike. Presha ikipanda humo, kila moyo ukipiga seli hizo zinavutwa, na zikivutwa sana hazitulii, zinaanza kugawanyika, zinamwaga kolajeni (protini ngumu ya nyuzi), njia ya damu inabanwa, mwisho kichujio kinabaki kovu.

Sasa kuna homoni mbili za peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino (vijenzi vya protini), zinavutana hapo. Angiotensini 2, yenye asidi amino 8 tu, inakanyaga mafuta: inabana mshipa unaotoa damu kwenye kichujio hivyo presha ya ndani inapanda, na bado inaichochea seli yenyewe ikue. Adrenomedulini, asidi amino 52, iliyogunduliwa Japani 1993 kwenye uvimbe wa tezi ya adrenali iliyo juu ya figo, inalegeza mishipa, na kwenye seli ya mesanjia inapandisha saikliki AMP, kijumbe cha ndani ya seli, ambayo inakata ile ishara ya kugawanyika.

Wanaoiita adrenomedulini breki ya figo wanasema ona, damu ya wenye presha na ya wenye figo mbovu ina adrenomedulini nyingi kuliko kawaida, maana yake mwili unajitetea. Mimi hapo nasita kidogo. Breki ikiwa nyingi hivyo mbona gari halisimami? Halafu kuna hili linalorukwa sana: homoni hiyohiyo kwenye fibroblasti (seli zinazotengeneza tishu za kuunganisha) na kwenye uvimbe wa saratani inachochea ukuaji, yaani ubreki wake unategemea imegonga mlango wa seli gani.

Ila sikubaliani pia na wanaosema faida yake yote ni kushusha presha tu, basi. Kwa mnyama au mgonjwa ni kweli huwezi kutenganisha, ukimpa homoni presha inashuka, seli zikitulia hujui umshukuru nani. Ndo maana majaribio ya kwenye sahani ya maabara yana thamani yake, pale mvuto unaupanga wewe na haubadiliki, kwa hiyo seli zikipunguza kugawanyika ni homoni imezifikia zenyewe. Ubaya wake ni kwamba maabara nyingine zinazikandamiza seli kwa hewa kutoka juu, wakati kwenye figo zinavutwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti jamani.

Kwangu mimi breki ipo, ila ni ya palepale jirani na seli, na ni ya muda mfupi, kwenye damu inapungua nusu ndani ya dakika kama 20 hivi. Kuigeuza dawa ya kila siku ni kazi, ukizidisha mgonjwa anashuka presha mwili mzima na kuanguka. Kaptopril na losartan, dawa za presha, zilichukua njia nyepesi, zikaenda kuutoa mguu wa angiotensini kwenye mafuta.