Kutembea sawa, ila na miguu itiwe nguvu
Asante mwandishi kwa kutuhimiza wazee tutembee dakika 150 kwa wiki. Ila umesahau mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi tuyafanye siku 3 au zaidi kwa wiki, ili tusianguke ovyo. Mimi nina 67. Asubuhi chai ikichemka nasimama kwa mguu mmoja, kidole kimegusa meza, kisha nainuka kitini mara 10 bila kushika popote. Mwanzoni mapaja yalikuwa yanatetemeka! Jumamosi natembea na wenzangu Daraja la Tanzanite, upepo wa bahari unatupiga, soga haziishi. Nyumbani naambiwa, "Bibi, pumzika." Wanangu, msitukalishe jamani.