Boti, makaratasi na hesabu ya tajiri

Mwaka juzi nilikua nafanya kazi kwa saiba moja hapa tao karibu na Moi Avenue, kazi yetu ilikua kuchapa, kuprinti, kubaindi na kujazia watu fomu za serikali. Siku moja akaingia mzee mmoja na flashi, akasema kijana nisaidie kitu kidogo tu, badilisha jina la kampuni kila mahali uweke hili langu, alafu unibaindie kopi tatu. Kufungua hivi naona ni mwongozo wa usalama wa chombo cha majini, kurasa themanini na kitu, na huko ndani kuna chumba cha injini, kuna mitungi ya gesi ya kuzimia moto, kuna hata utaratibu wa helikopta kuja kuchukua mgonjwa. Nikamuuliza mzee meli yako ni kubwa aje? Akaniambia si meli, ni boti mbili za mbao, kila moja na injini ya kufunga nyuma, zinabeba abiria ziwani. Nilibadilisha jina, nikabaindi, akalipa akaenda, lakini nilibaki nikijiuliza nahodha wa izo boti atafungua ukurasa gani siku upepo utampata katikati ya maji.

Nimeikumbuka hiyo siku juu kuna mjadala naona unarudi rudi kila boti ikizama: je kila chombo kinachobeba watu au mizigo kwa pesa, hata kidogo vipi, kilazimishwe kisheria kuwa na mfumo wa kusimamia usalama ama tuachane na makaratasi tushikilie tu vitu vya kuonekana kama laifujaketi na idadi ya abiria? Nimezaliwa upande wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, na nimepanda izo boti tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, so hili jambo kwangu si la kusoma tu.

Kwanza tuelewane huo mfumo ni nini, maana wengi wakiskia wanafikiria ni vifaa. Vifaa ni vitu, mfumo ni vile kazi imepangwa: nani anahesabu abiria kabla ya kung'oa nanga, nani anaangalia mafuta na injini na lini, nani ana uwezo wa kusema leo hatutoki, kitu kikiharibika kinaandikwa wapi na nani anakisoma, moto ukishika kila mtu anafanya nini. Na mwenye chombo anaingia ndani ya huo mfumo, hata kama yeye haji majini kabisa.

Hii kitu ilizaliwa na msiba. Tarehe 6 Machi 1987 feri ya Waingereza inaitwa Herald of Free Enterprise ilitoka Zeebrugge kule Ubelgiji ikielekea Dover ikiwa na milango ya mbele, ile ya kuingizia magari, iko wazi. Baharia ambaye kazi yake ni kuifunga alikua amelala kwa chumba chake, afisa wa kuhakikisha alikua ashapanda kwa usukani, na nahodha hangeweza kuiona milango kutoka pale alipo, alafu mazoea ya kampuni yalikua kama hujaambiwa kuna shida basi chukulia kila kitu kiko sawa. Maji yakaingia deki ya magari, chombo kikalala ubavu ndani ya dakika chache, watu 193 wakafa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba manahodha walikua washaomba ofisi iwawekee taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa, na ofisi ikapuuza. Jaji aliyechunguza alisema kampuni yote kutoka juu hadi chini ilikua imeambukizwa ugonjwa wa uzembe. Ukisoma hivo unaona aliyelala ni mmoja, lakini walioiacha milango wazi ni wengi, na wengine wao walikua wamekaa nchi kavu.

Kutoka hapo Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, likapitisha kanuni za kusimamia usalama wa meli, zinaitwa ISM, mwaka 1993, zikawa lazima Julai 1998 kwa meli za abiria, za mafuta na za shehena kubwa, alafu Julai 2002 zikafika kwa meli zingine za mizigo za kuanzia tani 500 za ujazo zinazoenda nchi hadi nchi. Kampuni inapewa cheti chake na kila meli chake, vinadumu miaka 5 na katikati vinakaguliwa. Kuna mambo mawili hapo mimi huona ndo moyo wa izo kanuni. Moja, lazima kuwe na mtu wa nchi kavu ambaye anaweza kuingia moja kwa moja kwa wakubwa kabisa wa kampuni akawaambia hapa pana hatari. Pili, kampuni iandike waziwazi kwamba nahodha ndo mwenye neno la mwisho kwa mambo ya usalama.

Sasa angalia nani ameachwa nje. Meli ya makontena ikiingia Kilindini inazo hizo karatasi zote na ikikosa inaweza kuzuiliwa hapo hapo bandarini. Lakini watu wetu huwa wanafia wapi? Mtongwe kule Mombasa, tarehe 29 Aprili 1994, feri imejaa watu wanaenda kazi asubuhi, 272 wakafa na ufuo ukiwa pale karibu unauona. MV Bukoba, 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kuelekea Mwanza, mamia ya watu, na abiria wa daraja la chini hawakua hata kwa orodha, kwa hivyo kuna familia zilibaki hazina hata karatasi ya kuonyesha kwamba mtu wao alipanda. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, kivuko cha kubeba watu 101 na waliokufa peke yao walipita 220, na Rais Magufuli akasema kwamba nahodha mwenyewe hakuwepo, usukani aliachiwa mtu hana mafunzo. Hakuna hata moja hapo iliyokua inaenda nchi nyingine. Zote ni safari za nyumbani, zile za kwenda sokoni na kazini.

Kwa hivyo wanaosema mfumo ushuke mpaka kwa vyombo vidogo wana hoja nzito sana. Ukiangalia izo ajali, kifaa kukosekana ni sehemu tu ya hadithi. Orodha haikuwepo, hesabu ya watu haikufanywa ama ilifanywa ikapuuzwa, aliyefaa kuendesha hakuwepo. Hayo ni mambo ya mpangilio, na huwezi kuyatibu kwa kununua laifujaketi. Nimeona mimi mwenyewe Mbita laifujaketi ziko, za rangi ya machungwa, zimefungwa na kamba chini ya mbele ya boti, zimelowa na zinanuka samaki, na fundo la hiyo kamba lingehitaji kisu. Mkaguzi angekuja angehesabu na kuandika zipo. Mfumo ungeuliza swali lingine kabisa, kwamba nani anazigawa na wakati gani, kabla mguu wa kwanza uingie boti ama baada ya upepo kuanza.

Upande wa pili nao tusiuchukulie kama watu wasiojali uhai, juu wengi ni watu wa boti wenyewe. Wanasema mtu ana boti moja, yeye na kijana mmoja wa kumsaidia, unataka akae usiku ajaze fomu za kutathmini hatari wakati asubuhi anatoka saa kumi na moja? Kulipa mtu wa kuandika mwongozo ni pesa, kukaguliwa ni pesa, na kila pesa ya kibali pale katikati hukua na mtu anataka ya chai. Sheria tuko nayo, ile ya uchukuzi wa meli ya 2009, na mamlaka ya bahari KMA iko, boti inafaa ikaguliwe, na bado kuna fuo ambazo mkaguzi huonekana baada ya msiba. Ukiongeza mzigo wa karatasi juu ya hapo wale waangalifu ndo wataumia juu wao ndo hujisajili, na wengine watahamia kwa fuo za pembeni kubeba watu usiku, na hao wa usiku ndo tutawazika. Hii hoja naiheshimu na sijaskia mtu wa serikali akiijibu vizuri.

Na hata karatasi zikiwepo haimaanishi chochote peke yake. Boti ya wapiga mbizi inaitwa Conception iliungua usiku wa tarehe 2 Septemba 2019 karibu na kisiwa cha Santa Cruz kule California, watu 34 wakafa wakiwa wamekwama kwa chumba cha kulala huko chini, na masharti ya cheti chake yalikua yanasema lazima kuwe na mtu wa zamu anayezunguka usiku. Hakukua na mtu, mabaharia wote walikua wamelala. Wachunguzi wa Marekani walilaumu uongozi wa kampuni na wakarudia kusema vyombo vya abiria kama hivo viwe na mfumo wa usalama. Mpinzani atasema unaona, sharti lilikuwepo na watu wakafa. Anayeunga mkono atasema unaona, sharti bila mtu wa kulifuatilia ni maandishi tu. Wote wanasema kweli, na ndo maana swali la kuwe na mfumo ama kusiwe mi naona halitoshi.

Sisi wa Nairobi tunajua hii hadithi kwa sababu ya matatu. Februari 2004 sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kubana, kila gari ilikua na mikanda, spidi gavana ya 80, mstari wa manjano, watu 14 wamekaa. Ilifanya kazi kweli, tusidanganyane, ule msongamano wa watu kuning'inia mlangoni ulikwisha kwa muda. Alafu pole pole mikanda ikageuka kamba chafu za kumwonyesha polisi, spidi gavana zikachezewa waya. Baadaye wakaleta sharti la kila mwenye gari awe kwa sako. Lakini kitu kimoja hakikuguswa na ndicho kinachoendesha ile gari: hesabu ya tajiri. Dereva akiamka asubuhi anajua jioni lazima apeleke kiasi fulani, jam iwe, mvua iwe, na kinachobaki ndo chakula chake na cha makanga. Huyo hata umbandikie kanuni ishirini kwa dashibodi atakimbia, juu kanuni haimlishi.

Boti ni vile vile kabisa. Nahodha wa kuajiriwa anampelekea mwenye boti hesabu. Akiona wingu limekua jeusi upande wa visiwani na abiria wako wanane tu, kusubiri ni hasara yake yeye, kutoka na watu thelathini ni faida ya wote wawili, na ikizama anayezama ni yeye. Ndo maana mi nasema mfumo wa usalama usiogusa hiyo hesabu ni ule wa kurasa themanini niliobaindi. Zile kanuni za ISM ziliona hii kitu, ndo maana zikampa nahodha neno la mwisho na zikamvuta mwenye kampuni ndani. Tukizileta kwa boti ndogo tunaweza kuacha karibu kila kitu kingine lakini hayo mawili tukiyaacha hatujaleta kitu.

Na kurahisisha kunawezekana. Australia kila chombo cha biashara cha ndani kinatakiwa kuwa na mfumo wa kusimamia usalama, hata kidogo, lakini unalingana na ukubwa na kazi ya chombo, na mwaka 2025 wakalegezea vidogo zaidi. New Zealand tangu Julai 2014 wana utaratibu unaitwa MOSS, ambao mwenye shughuli ndo anafaa kuandika mpango wa shughuli yake mwenyewe. Hawa ni watu wana wakaguzi na mahakama zinafanya kazi haraka kutuliko, hilo nakubali, huwezi kuchukua sheria yao ukaipandikiza Mbita ama Lamu alafu ungoje matunda. Lakini wazo la kwamba karatasi iwe fupi na iandikwe na mtu wa boti, hilo halihitaji utajiri. Iandikwe Kiswahili au Kijaluo, mkaguzi akija asiulize kitabu kiko wapi, amuulize yule kijana wa kufunga kamba moto ukishika hapa we unafanya nini, na ajibu bila kuangalia tajiri usoni.

Desemba nilijaribu na mjomba wangu, ana boti moja inafanya Mbita na Mfangano, nahodha ni wa kuajiriwa. Tulikaa chini ya mti na daftari la shule, mimi naandika, yeye na nahodha wanasema. Idadi ya watu ilituchukua saa nzima juu mjomba alikua na namba ya siku ya kawaida na namba ya siku ya soko, mpaka nahodha akasema na maji hayajui soko ni lini, wakaandika 20 na kuipaka rangi ubavuni. Laifujaketi zivaliwe kabla injini iwashwe. Majina na simu za abiria ziachwe kwa mama wa chai ufuoni. Simu kwa mfuko wa plastiki, utabiri wa hali ya hewa ya ziwa usikizwe kila asubuhi. Kurasa mbili tu zikaisha.

Mstari wa mwisho nikaandika mimi: siku nahodha akisema hatutoki, hesabu ya siku hiyo haiulizwi. Mjomba akaangalia lile daftari, akalifunga, akasema okewo, yaani mpwa wangu, hiyo tuache kwanza. Nahodha hakusema kitu, aliinuka akaenda kuangalia injini. Nikarudi Nairobi nikijua hapo ndo pagumu pa hii kazi yote, na sikumlaumu mjomba juu ana deni ya ile injini na mwenye deni haangalii wingu.

Baada ya kama wiki mbili akanipigia usiku. Akasema ule mstari uandike, lakini ongeza kwamba nahodha anipigie kabla ya saa moja asubuhi aniambie ameona nini, na akishaniambia sitabishana naye. Nikamuuliza na hesabu? Akanyamaza kidogo, akasema andika nusu haiulizwi, ile nusu nyingine tutaongea nikija Pasaka.