Deni la damu Kisenyi: nani anamdai kijana huyu?

Kisenyi, jirani na soko la Owino, ni mmoja wa mitaa michache ya Kampala ambako ukizungumza Kiswahili hakuna anayegeuka kukutazama. Wasomali, Wakongo, Wanubi na Waganda wenyewe wanauziana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili.

Tumfikirie kijana wa miaka 16 wa mtaa kama huu. Kaka yake amechomwa kisu usiku na vijana wa mtaa wa pili, kwa ugomvi ulioanzia kwenye simu iliyoporwa. Msiba umeanuliwa, viti vya kukodi vimerudishwa. Wenzake wa kijiweni wanamjia mmoja mmoja. Hakuna anayemwambia aende akaue. Wanamuuliza neno moja tu: "Sasa?"

Nimeanza na neno hilo kwa sababu mjadala wetu huruka juu yake. Tunazungumzia hasira za ujana, bangi na malezi mabovu. Hasira ipo, lakini hasira hupoa. Kinachomsukuma kijana huyu wiki ya tatu, machozi yakishakauka, ni deni ambalo wengine wanamdai mbele za watu. Asipolipa, hana tena pa kusimama wala wa kumlinda.

Wapo wanaosema dawa ni sheria kali, na hoja yao naiheshimu. Sheria ya Watoto ya Uganda inahesabu jinai kuanzia miaka 12, na mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kuhukumiwa kifo. Hata akiua, kifungo chake hakizidi miaka 3. Mweleze hayo mama aliyezika mwanawe, uone kama ataelewa. Tena wakubwa wa magenge wanaijua hesabu hiyo kuliko mawakili: kazi ya kisu ni rahisi kumpa mdogo, maana mdogo atarudi mapema. Watetezi wa haki za watoto hulipita jambo hili haraka mno.

Hata hivyo, ukiitazama kwa makini, hoja hiyo inamwadhibu asiyehesabu. Kijana anayeulizwa "Sasa?" hapigi hesabu ya miaka 3 wala 30. Anayepiga hesabu ni mkubwa aliyemtuma, na huyo ndiye hafikishwi mahakamani. Vijana wanaliona hilo. Wanakumbuka kundi la Boda Boda 2010, ambalo waendesha bodaboda wa Kampala walililalamikia kwa ubabe wake miaka na miaka, mpaka jeshi lilipomkamata kiongozi wake Januari 2018. Kijana aliyekua akiona hayo, utamwambia nini akuamini kwamba muuaji wa kaka yake atafuatwa wiki hii?

Upande wa pili wanasema turudi kwa wazee, na hapa ndipo moyo wangu uliko, ingawa sipaoni pepesi. Kisasi chenyewe, kwa asili ya neno, si fujo. Neno limetoka katika Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kulinganisha, kutozidisha. Aya ya 178 ya sura ya Al-Baqara inayokitaja, hapo hapo inamfungulia ndugu wa marehemu mlango wa kusamehe na kupokea fidia. Aya ya 33 ya Al-Israa inamkataza mrithi kuvuka mpaka. Waacholi wa kaskazini nao wana mato oput: aliyeua anakiri, ukoo wake unalipa, kisha pande mbili zinakunywa pamoja mzizi mchungu. Kumbe tangu zamani kulikuwa na njia ya kutoua bila kuonekana mwoga.

Tatizo ni kwamba mato oput inahitaji koo mbili. Kisenyi kuna koo gani? Kijana ambaye mama yake alikimbia kutoka Bukavu, Kongo, na watoto wawili hana wajomba wa kuketi naye mkekani. Genge ndilo ukoo wake. Ndilo lililochangia sanda, na ndilo linalodai. Mahakama ya LC, yaani baraza la serikali la mtaa, ina uwezo wa kupatanisha, kuamuru fidia au kuomba radhi, lakini kwa makosa madogo kama kupigana na wizi. Mauaji si kazi yake. Na fidia ikiachwa mikononi mwa wenye fedha inageuka bei: familia maskini inapokea kwa kuwa kodi ya chumba imefika, si kwa kuwa imesamehe.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Sisi watu wazima tunaomlaani kijana mwenye kisu ndio tunaopiga kelele "Mubbi!", yaani mwizi kwa Kiganda, na kukimbia na mawe na matairi. Ripoti za polisi za kila mwaka huhesabu waliouawa na umati, na mara nyingi kosa lilikuwa simu au kuku. Mtoto wa Kisenyi anaona hayo kabla hajaanza shule. Kuua bila kusubiri mahakama hakufundishwa na genge. Alikuta mtaa mzima unajua.

Kwa hiyo mimi naweka uzito kwenye zile wiki za mwanzo kuliko kwenye miaka ya kifungo. Mpelelezi aje, arudi tena, na familia ielezwe kesi imefika wapi. Mwenyekiti wa LC, imamu au mchungaji awaendee wakubwa wa vijiwe vyote viwili, kwa sababu wao ndio wenye kulifuta deni, na kijana hawezi kulifuta peke yake.

Akina mama wengi hawangoji hayo. Wanatafuta nauli, wanampeleka kijana kwa shangazi Masaka au Bombo mpaka arobaini ipite. Ni akili, na mara nyingine ndiyo inayookoa roho mbili. Lakini akishaondoka yeye, wale wa kijiweni humgeukia mdogo wake wa miaka 13, na kumuuliza lile lile.