Fundi, Waya Ulioukata kwa Meno Ulitaka Kumuua Mpwa Wangu

Juzi jioni pikipiki ilimzimikia mpwa wangu katikati ya makutano ya Magomeni, abiria yuko nyuma, lori linashuka na Barabara ya Morogoro. Akawasha, wapi. Abiria akaruka, yeye akaisukuma, na dereva wa lori, Mungu ambariki, akawahi breki. Naandika haya mikono bado inanitetemeka.

Chanzo ni alamu ya kuzuia wizi aliyofungiwa wiki tatu zilizopita kwa shilingi 40,000, ufundi ndani yake.

Jana tulifungua kiti, nikabandua ile tepu nyeusi mwenyewe. Waya wa swichi ulikatwa kwa meno. Alama zilikuwa bado kwenye plastiki. Ukasokotwa na waya wa alamu, ukazungushiwa tepu, kazi ikaisha. Maji ya mvua yakapenya, shaba ikaota kijani. Zilizobaki zimeshikana zilikuwa nyuzi tatu. Nilizihesabu.

Jamani, alamu inayozima injini kwa rimoti si king'ora tu. Ukishaifunga, umeme unaoiwezesha injini kuwaka unapitia kwenye kile kiboksi, kwenye rilei, yaani swichi ndogo ya umeme iliyomo ndani. Kiungo kikilegea kwa tuta moja, injini inazima kama vile mwizi ameikalia, hata kama aliyeikalia ni mwanao yuko mwendo wa 60. Ndiyo maana kiungo hicho kinalehemiwa kwa risasi, kikavikwa mpira unaobana kwa joto, waya ukafungwa vizuri usichezecheze. Ni kazi ya nusu saa zaidi. Nusu saa!

Na fyuzi haikuwepo. Waya mwekundu umetoka moja kwa moja kwenye chanya ya betri, umelala juu ya fremu, na tenki la petroli liko palepale juu. Plastiki ikichubuka siku moja, waya ukagusa chuma, hakuna kitakachoukata umeme ule kabla waya haujawaka. Fyuzi ya shilingi mia chache ingeukata, ikikaa karibu kabisa na betri.

Mafundi watasema wateja wana haraka na hawataki kulipa. Haya, ni kweli. Mpwa wangu mwenyewe alimharakisha fundi, kwa sababu pikipiki ni ya mkataba na hesabu ya tajiri haisubiri. Lakini mgonjwa akiwa na haraka, daktari haachi kidonda wazi.

Na wanaosafiri wakaiacha pikipiki imeegeshwa wajue: alamu ikila miliampea 20 tu, betri ya ampea-saa 5 inakwisha ndani ya siku kumi hivi. Na king'ora hakizuii watu wawili kuipakia pikipiki kwenye kirikuu. Loki ya usukani na mnyororo kwenye nguzo vinawachelewesha.

Tumelehemu upya, tumeweka fyuzi, tumeondoa kabisa ile sehemu ya kuzima injini. King'ora kimebaki. "Mjomba, sasa mwizi je?" akaniuliza. Nikamnunulia mnyororo.

Kile kipande cha waya nimekiweka kwenye bahasha. Fundi, kibanda chako nakijua. Jumamosi nitakuja nacho, na nataka ukishike kwa mkono wako.